Trekta Lililozidi Mlango

Muuguzi aliyetoka kazini alikuwa akisinzia basini, na sauti mbili za kiti cha mbele zikamwingia kama ndoto.

“Kiwanda kilianzia kwenye banda la kuku,” mzee mwenye kofia alisema. “Trekta la kwanza, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, likaundwa humo, likakataa kupita mlangoni. Baba yangu alisahau kupima.”

“Usinidhulumu, mzee wangu,” mama aliyekaa naye akajibu taratibu. “Aliyesahau ni marehemu baba yangu.”

Kumbe hata kosa hugombewa kama urithi, muuguzi akawaza.

Basi likasimama mbele ya kiwanda kilichofungwa. Banda lilikuwa bado pale, ukuta umebomolewa kwa upana wa trekta, nyasi zikiyumba ndani.

“Lakini lilipita,” mmoja wao akanong’ona, na muuguzi hakujua ni yupi.