Darubini ya Marehemu

Mshonaji alijifanya anasinzia, kumbe masikio kayatega kwa wawili waliokaa mbele yake kivukoni. Mjane alikuwa ameelekeza darubini kwa shakwe waliokuwa wakiruka nyuma ya kivuko. "Unawaona, dada?" akauliza kinyozi, begi la mashine zake mapajani. "Naona ukungu mtupu." "Basi zungusha hapo katikati." Mikono iliyozoea vichwa vya watu haingoji ruhusa, kinyozi alishaunyoosha mkono wake.

"Usiguse, kaka. Mume wangu ndiye aliyeiweka hivi, kwa macho yake. Ukizungusha, naye kaondoka." "Lakini likizo nzima ya pwani bila kuona ndege? Marehemu mwenyewe angekwambia uzungushe." "Aje aniambie, basi."

Kivuko kikagusa gati. Shakwe walishatawanyika, na mjane bado alikuwa anawatazama.