Utepe wa Taa ya Buluu

Mheshimiwa mgeni rasmi, Ndugu Mganga Mkuu, wajumbe wa kamati ya mapokezi, wazazi, na nyinyi wachanga mnaolia kabla ya zamu yenu kwenye ratiba: shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo.

Mimi muuguzi wa wodi ya watoto wachanga nimepewa dakika tatu niishukuru kamati, na kamati inastahili. Taa hii ya buluu, ya kumtibu mtoto aliyegeuka manjano, ililetwa miezi minane iliyopita. Kamati ikaifunga utepe mwekundu, ikaifungia stoo, ikaagiza isiguswe mpaka izinduliwe. Mgeni rasmi akapata udhuru mara tatu. Je, mmewahi kuona mashine iliyotunzwa hivi? Haina hata alama ya kidole!

Mwezi wa pili wa utunzaji huo, dobi wetu, yule pale safu ya tatu, alijifungua. Siku ya tatu akaniletea mtoto: macho manjano, nyayo manjano, ziwa halitaki. Akaniuliza, "Sista, mbona analala tu?" Ufunguo wa stoo ulikuwa mfukoni mwangu. Nikamjibu, "Muanike juani asubuhi, itaisha." Nilikuwa mtiifu kweli kweli, waheshimiwa. Manjano yakapanda mpaka kwenye ubongo. Leo mtoto ana miezi sita, shingo haijakaza, na mama yake akimwita hageuki. Dobi, nilikukosea. Naona aibu kila nikivaa sare uliyoipiga pasi.

Jumatatu wiki hii akazaliwa mwingine. Jumatano manjano yakamfika kifuani. Nikamwendea mwenyekiti wa kamati. Akaniambia, "Sista, vumilia mpaka Ijumaa, keki imeshaagizwa." Nikasema sawa, bosi.

Mheshimiwa, mkasi ule pale kwenye sinia. Ukate polepole, maana utepe huo nimeushikiza kwenye pazia kwa pini. Niliukata mwenyewe juzi. Nyuma ya pazia taa inawaka tangu hapo, na chini yake yumo binti wa siku nne, amezibwa macho, ananyonya vizuri, na kipimo cha leo asubuhi kimeshuka. Msiizime kwa ajili ya picha. Barua yangu ya kujieleza ipo mezani kwa Mganga Mkuu, nimeipiga na muhuri.

Nawashukuru kwa kunitegea sikio. Makofi yawe madogo, tafadhali: huyu anasikia.