Alama ya Saa Nne

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka muuguzi mkuu mstaafu wa wodi ya wazazi, aliyefariki Jumatano kwa ugonjwa wa moyo. Wenzake walimwita Mama Ratiba.

Jina lilianza kwa utani. Zamani, mama aliyejifungua kwa upasuaji akiuliza, "Nianze kula lini?" alipata majibu matatu kwa manesi watatu. Basi muuguzi huyu akaandika mpango mmoja wa huduma. Karatasi moja kila kitanda: presha ipimwe saa ngapi, damu inayotoka ikaguliwe saa ngapi, mama ainuke lini.

"Mama Ratiba," daktari mmoja alimchokoza, "na kupiga chafya kumepangiwa saa?"

"Kumepangiwa, dokta. Ukishamaliza kunichelewesha."

Wagonjwa waliupenda mpango ule. Walijua kinachofuata, hofu ikapungua.

Kisha akalazwa mdogo wake wa mwisho. Alifanyiwa upasuaji alfajiri, mtoto akatoka salama. Saa tatu na nusu asubuhi, Mama Ratiba akapita kumwona.

"Dada, nasikia baridi."

"Wamekupima?"

"Tangu niletwe hapa hajanigusa mtu."

Akachukua karatasi. Presha ya saa tatu, alama ya vema. Damu ya saa tatu, vema. Presha ya saa nne, vema. Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu na nusu. Saa nne ilikuwa haijafika, wasikilizaji. Haijafika, na alama ipo.

Akafunua shuka. Godoro lilikuwa limelowa damu.

Mdogo wake ametuambia hivi: "Damu sikuiogopa, hata sikuiona. Niliogopa uso wa dada. Nilijua nakufa."

Alirudishwa chumba cha upasuaji mbio mbio. Akapona.

Nesi wa zamu alikutwa koridoni analia. "Sista, nisamehe. Vitanda ishirini, niko peke yangu. Sote tunajaza mapema."

Neno hilo, sote, ndilo lililomtisha Mama Ratiba. Aligeuka akaitazama wodi. Karatasi ishirini, alama zimejipanga vizuri, na yeye hajui ipi ya kweli. Akapita kitanda kwa kitanda, akiingiza mkono chini ya kila shuka, akiogopa mkono utatoka na nini.

Mpango hakuutupa. Alidai nesi wa pili kila zamu, akazungushwa miezi saba, akampata. Na alama akaagiza iwekwe na mgonjwa mwenyewe, au ndugu yake, huduma ikishafanyika.

"Yaani wagonjwa ndio watusimamie?" nesi mmoja alinuna.

"Mwili ni wa nani, mwanangu?"

Mdogo wake anasema hofu ile haikumtoka dada yake. Hadi anastaafu, hakuvua sare kabla ya kuuliza kila kitanda, "Umeguswa leo?"

Kwa mdogo wake, kwa watoto wake, kwa manesi aliowalea, tunawapa pole kutoka moyoni. Mungu awatie nguvu.

Nasi tuliobaki tujiulize: ni alama ngapi tumeziweka kabla ya kazi? Na wewe unayetusikiliza ukiwa kitandani, karatasi ikisema umehudumiwa, nawe hujahudumiwa, sema. Sauti ikitetemeka, iache itetemeke. Sema.