Ronny, Ngoma ya Kwaya Yetu

Mchungaji, majirani wa Mbaraki, wenzake Ronny wa bandari ya Kilindini na waombolezaji wote, poleni, ni mimi Jael, dada yake mkubwa, ninayewasomea haya kwa niaba ya familia.

Ronny Obura alizaliwa tarehe 14 Machi 1989, hapa Mbaraki, kitinda mimba wa marehemu Benard Obura, aliyekuwa karani bandarini, na mama Loise, aliyeketi hapa mbele. Alisoma papa hapa kisiwani, akamaliza kidato cha nne mwaka 2007, na walimu walimwadhibu mara nyingi kwa kupiga ngoma kwa mdomo darasani, naye hakukoma ng'o.

Mwaka 2009 aliajiriwa na wakala wa forodha Kilindini, kazi yake kusimama getini akiita madereva wa malori kwa majina na namba, kutwa nzima, akishindana na honi. Jioni alikuja mazoezini kwenye kwaya yetu, ambayo nami naimba, na kwa kuwa kanisa letu haliruhusu ngoma wala kinanda, ngoma yetu ilikuwa mdomo wake. Tarehe 12 Desemba 2015 alifunga ndoa na Beryl, wakajaliwa Ketty mwaka 2017, na hata kwenye harusi yake mwenyewe tulimsimamisha atupigie.

Machi 2023, baada ya sauti kukwaruza kwa miezi, daktari alisema imechoka, akamwamuru anyamaze wiki sita, kisha arudi apimwe koo. Alinyamaza siku tisa. Kazini aliambiwa asiyeweza kuita hana kazi getini, na siku ya kumi sisi wanakwaya, nami nikiwemo, tulimwendea nyumbani na tangawizi na asali, tukamwambia ni wimbo mmoja tu, kongamano la Pasaka limekaribia. Alitutazama mmoja mmoja, akainuka. Loo, jamani, tulivyopiga makofi! Asubuhi geti, jioni kwaya, hakuwa na pa kutokea, na kwa daktari hakurudi.

Agosti 2024 uvimbe mbaya ulionekana kooni, akapasuliwa, na tangu hapo alisema nasi kwa kalamu, kwenye daftari la Ketty. Alifariki Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, Beryl akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia wiki nzima, na wafanyakazi wenzake waliojitolea damu. Wanakwaya, ahsanteni, ila sisi wa familia tunajua mna ngoma yake ya mdomo mliyoirekodi simuni, na mmepanga kuicheza kaburini ili muimbe. Tunawasihi msiicheze. Kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari ameandika kwamba siku ya kuzikwa kwake asiamshwe kupiga. Imbeni hivyo hivyo, bila ngoma.

Nyamaza sasa, mdogo wetu, ulale salama, hakuna atakayekuja tena na tangawizi.