Maji ya Mfadhili

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, mkabala na geti la chuo kikuu. Wanaolikalia hawajawahi kuvuka geti hilo ila siku ya kuomba choo, lakini hilo haliwazuii kukiendesha chuo. Asubuhi hiyo walikuwa wakimsimanga mwenye kiwanda cha ngozi, kile cha juu mtoni. Alikuwa amekijengea chuo maabara ya kupima maji na kuahidi kuwasomesha wanafunzi wasio na uwezo, na sasa jina lake lilikuwa likichorwa ukutani kwa herufi kubwa kuliko la chuo. Buli muuza kahawa, ambaye hakosi neno, alikuwa anamimina tu. Binti yake alikuwa mmoja wa hao wanafunzi. Jumamosi angepanda jukwaani kumshukuru tajiri, na Buli hakuwa amemwambia mtu.

— Mtu anachafua mto, halafu anaajiri wa kuupima, alisema Spana, fundi baiskeli. Mwizi gani anamlipa mlinzi mshahara?

— Mwizi mwenye akili, alijibu Wakili, aliyepata jina hilo baada ya kushindwa kesi ya kuku. Halafu utafiti wenyewe hauishi. Ukiisha, na msaada umeisha. Unadhani profesa ni mjinga?

— Profesa kapewa gari. Mwenye gari hashuki mtoni, ndugu yangu. Anapimia dirishani.

— Hawapimi maji hata kidogo. Wanapima samaki. Samaki akielea, wanaandika amepumzika.

— Na hao watoto anaowasomesha tajiri?

Wakili alishusha sauti.

— Wakihitimu wanapelekwa kiwandani. Ng'ombe siku hizi ni adimu. Ngozi itatoka wapi?

Spana alicheka mpaka kahawa ikammwagikia. Buli ilimuuma rohoni.

— Sasa mtoto wa maskini akilipiwa ada, akatae?

— Apokee, alisema Spana. Ila akisimama kushukuru, ajue anamshukuru nani.

— Wahenga walishasema, ukiyavulia nguo maji, sharti uyaoge, aliongeza Wakili. Yaani ukienda kwa tajiri, beba taulo. Buli, mbona tangawizi umeijaza hivi? Unazika nini humu?

Walicheka wote. Buli naye alicheka, akiwa amechelewa kidogo.

Hapo akatoka getini dada mmoja mwenye mabuti ya mpira, amebeba kreti la chupa tupu.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu, alisema Wakili. Unauza soda?

— Hapana, baba. Nafundisha pale, maabara mpya.

— Ya kiwanda, alisema Spana, akageuza uso.

— Jengo ni lake. Mto si wake. Leo naanzia kupima huku chini, maana huku ndiko watu wanakokunywa.

Benchi halikuwa limejiandaa kwa mtu wa namna hiyo. Buli akampa kikombe. Dada akavuta funda moja, akalizungusha mdomoni, akalitema pembeni kwa adabu.

— Baba, haya maji umeyateka wapi?

Spana akamtazama Wakili. Mabomba ya upande ule yalikuwa makavu siku nyingi, na wote wawili walizoea kumwona Buli alfajiri akipanda na ndoo zake kutoka darajani, mto ukishapita kiwanda. Walimsalimia, walimtania, na hakuna aliyewahi kujiuliza zile ndoo zinaishia wapi. Wakili akakitazama kikombe chake, akakisogeza mbali.

Dada akaweka chupa moja tupu juu ya benchi.

— Nijazie maji hayo kidogo tu, baba. Umeyateka wapi?

Buli aliona jukwaa la Jumamosi, na binti yake juu yake, na gauni waliloazima kwa shangazi.

— Kahawa imekwisha, alisema, akaliinua birika kwa mikono miwili, maana lilikuwa bado limejaa.