Sanduku la Jairo Kwenye Meza ya Fundi Ackson

Marehemu Ackson Meshaki Mwakatobe alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja maisha yake yote ya kazi: kitu cha mtu hakifunguliwi mwenyewe hayupo.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 kijijini Lufingo, mtoto wa tatu wa Mzee Meshaki na mama Tupokigwe. Alimaliza elimu ya msingi mwaka 1976, akaenda Mbeya kujifunza ufundi wa redio. Huko alimshuhudia fundi wake akichomoa spika nzima kwenye redio ya mjane na kuweka iliyochakaa. Sheria ile ilizaliwa siku hiyo.

Mwaka 1987 alifungua kibanda mtaa wa Bagamoyo, hapa hapa Tukuyu. Mteja akimwambia, "Fundi, wewe fungua tu, mimi nawahi sokoni," alijibu, "Nenda na redio yako. Mkirudi wote wawili nitawahudumia."

Tarehe 10 Desemba 1988 alifunga ndoa na Esnath, wakajaliwa Tulia na Jairo. Jairo alipokua alifungua chumba cha gemu jirani na kibanda cha baba yake. Kidhibiti cha kuchezea alikitengeneza mwenyewe: sanduku la mbao lenye fimbo moja na vibonyezo vinane. Marehemu alimkaripia mbele ya wateja kwamba analea wavivu. Kuonya ni haki ya mzazi. Kumwaibisha mwana hadharani si haki ya yeyote.

Januari 2014 Jairo alihamia Mwanza. Sanduku, ambalo fimbo yake ilikuwa imegoma upande wa kushoto, aliliacha kwa baba yake. "Likipona, tata," alimwambia baba yake, "niite nije nilichukue."

Kila Pasaka alipiga simu. "Limepona?"

"Bado."

Jairo akaelewa kwamba haitwi. Marehemu naye alikuwa akimngoja mwenye sanduku aje, ndipo lifunguliwe. Kila Jumamosi alilifuta vumbi, akaisukuma fimbo kushoto, akatega sikio. Tik. Swichi ni nzima, alimwambia mkewe, ni waya tu umechomoka.

"Sasa Baba Jairo, si la mwanao? Fungua!"

"Ni la mwanangu. Ndiyo maana silifungui."

Agosti 2024 alianza kusumbuliwa na moyo. Alifariki nyumbani tarehe 9 Mei 2025, saa nne asubuhi.

Jana Jairo alilifungua sanduku mbele ya mama yake. Chini ya fimbo mlikuwa na springi na swichi nne ndogo, kila upande na yake, na nyaya zikielekea kwenye bodi. Waya wa kushoto ulikuwa unaning'inia. Aliurudisha kwa vidole. Hata kuchomelea hakukuhitajika.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watatu. Wawili kati yao, wa Jairo, hakuwahi kuwaona.

Bwana ampumzishe fundi wetu kwa amani. Kazi ilikuwa ya dakika tano. Iligharimu miaka kumi na moja.