Nyanya Zenye Dawa

Benchi la Wawira, muuza chai wa Kiritiri, liko ubavuni mwa kibanda chake, mahali ambapo ukuta wa duka la mabati hutoa kivuli mpaka saa nane. Siku nyingine Muchangi huwa wa kwanza kucheka hapo. Jumatano hiyo aliketi pembeni, simu juu ya goti, kikombe cha strungi, chai isiyo na maziwa, kikipoa. Asubuhi mwalimu mmoja wa Nairobi alikuwa amewaleta watoto wa gredi ya pili kuona shamba la nyanya la Muchangi kando ya mto. Kabla ya saa sita mtoto mmoja alikuwa anatapika, mate yakimtoka. Basi la shule likamkimbiza hospitali. Mwalimu alisema angepiga simu.

– Amepata nafuu? aliuliza Gichovi, ambaye kijiwe humwita Redio.

– Sijui. Simu imenyamaza.

– Kwani ulimlisha nini?

– Sikumlisha. Alichuma nyanya mwenyewe, akala.

– Na hukuwaonya?

– Niliwaonya! Niliwasimamisha hapo kwa mtaro nikawaambia, "Hizi nyanya zina dawa." Nilikuwa nimepiga jana jioni.

Njuki alikohoa. Aliwahi kuwa shahidi katika kesi moja ya mpaka, na tangu hapo anaitwa Wakili.

– Basi kisheria uko sawa. Umetoa notisi. Kosa ni ya mwalimu.

– Notisi kwa mtoto wa miaka saba? alisema Wawira.

– Notisi ni notisi, mama.

– Mimi naona si dawa, alisema Redio. Hawa watoto wamezoea nyanya ya chupa, ile ya kumwagia chipsi. Tumbo ikiona nyanya nzima inashtuka.

– Redio, wacha mchezo.

– Si mchezo! Na mbona walikuja kwako na mashamba yamejaa huku? Kuna mtu anataka hiyo shamba ya kando ya mto. Mtoto anaugua, shamba inafungwa, kesho unaona beacon za mpaka zimepigwa.

– Hapo sasa umeongea, alisema Wakili. Na huyo mwalimu, nani aliona kitambulisho chake?

Wawira alikuwa ameacha kupangusa vikombe, akamgeukia Muchangi.

– Baba Sheila, ulisema hivyo tu? "Zina dawa"?

– Nilisema hivyo. Mtu wa hapa akisikia hivyo, haonji.

– Mtu wa hapa. Mtoto wa Nairobi akiambiwa dawa, si anajua ni ya kuponya?

Muchangi aliitazama simu. Sasa alimkumbuka vizuri yule mtoto, mwenye sweta lililofungwa kiunoni, aliyekohoa njia nzima kutoka kwa geti. Ndiye aliyeinua mkono akauliza, "Ni ya kikohozi?" Na yeye, kwa kutaka watoto wacheke, alijibu, "Hii inamaliza kila kitu." Walicheka. Akawapeleka kuona pampu.

Hilo hakulisema.

– Hata hivyo, alianza tena Wakili, itabidi walete ushahidi kwamba...

Bodaboda ilisimama mbele ya kibanda. Mwalimu Lorna alishuka, vumbi mpaka kwenye nyusi, sketi ikiwa na doa la matapishi.

– Mzee, nimekupigia mpaka nikachoka. Hupatikani.

– Network, mwalimu. Mtoto?

– Anapumua kwa shida. Daktari anasema kuna sindano, lakini dawa za shamba si moja, na akikosea ile ya kumpa atamzidishia. Anauliza kitu kimoja tu. Hiyo dawa inaitwaje?

– Ni dawa ya wadudu.

– Jina lake, mzee.

– Ni ile nyeupe, alisema Redio haraka. Ukiweka maji inakuwa kama maziwa.

– Ile ya harufu kali, aliongeza Wakili. Hata mimi hupigia ndengu.

– Inaitwaje?

Redio alimtazama Wakili. Dawa hiyo huletwa siku ya soko na jamaa mmoja wa pikipiki, ambaye huitoa kwenye mtungi na kumpimia kila mtu katika chupa tupu ya soda. Ni rahisi kuliko ya dukani. Benchi zima hununua kwake. Hakuna aliyewahi kumuuliza jina lake, wala la dawa.

– Wawira, wewe? aliuliza Muchangi.

– Mimi hupigia sukuma wiki, alisema Wawira. Hizi hizi nawapikia.

Muchangi alisimama. Akashika bega la mwenye bodaboda.

– Twende shambani nichukue ile chupa. Kama haina jina, angalau wainuse.

Alipanda nyuma ya mwalimu. Pikipiki ilipoanza kuondoka, aliinama karibu na sikio lake.

– Mwalimu, kuna kitu nilimwambia huyo mtoto.